Bahasha Iliyofunguliwa

Dada yangu aliifungua ile bahasha kwa mapenzi. Nalisema hili mapema kabla hajanipigia simu kuniuliza mbona nimemwanika.

Ilikuwa 2016. Mimi niko Ottawa na baridi ya kwanza ya maisha yangu, yeye yuko Kilifi. Nilimwomba aniendee Nairobi, kwenye chuo nilichosomea ualimu (sitakitaja, wenyewe wakisoma watajijua), akaniombee transkripti, karatasi rasmi ya alama zangu, niombee cheti cha kufundisha huku. Alipanda basi la usiku, akafikia kwa shangazi, akapanga foleni kwa msajili wa masomo, akaambiwa anayeshika muhuri amekwenda mazishini. Akarudi kesho yake. Akarudi kesho kutwa. Siku hiyo ya tatu akapewa mkononi bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi na kupigwa muhuri juu ya kifuniko. Maagizo yalisema chuo ndicho kitume. Karani akamwambia, "Mama, hapa hatuna bajeti ya kutuma barua Kanada. Posta iko hapo chini."

Njia nzima dada akawa anaitazama. Cheti changu cha darasa la nane kilikosewa jina, na alikumbuka jinsi baba alivyohangaika mwaka mzima kulirekebisha. Akaingiwa na wasiwasi. Basi usiku ule kwa shangazi akaishikilia bahasha juu ya mvuke wa sufuria ya chai hadi gundi ikalegea, akasoma jina langu herufi kwa herufi, akaridhika, akaibandika kwa selotepu, na asubuhi akaipeleka kwa kampuni ya vifurushi akalipa bei ya mbuzi.

Ilifika Toronto kwa siku nne. Haikufaa kitu. Transkripti inatakiwa itoke mikononi mwa chuo iingie mikononi mwa wanaosajili walimu, na bahasha yenye selotepu ni bahasha iliyopita kwa mtu. Ilinichukua miezi saba mingine kupata ya pili. Miezi hiyo nilikuwa nafua mashuka zamu ya usiku katika makao ya wazee, na tangu hapo nikiona bahasha ya mtu yeyote huangalia gundi kwanza.

Anayepokea karatasi hizo Toronto anaitwa Ontario College of Teachers, na jina hilo lenyewe limeshapoteza wengi. Binamu yangu alinipongeza kwa kupata nafasi chuoni. Si chuo. Ni baraza la taaluma lililoundwa kwa sheria ya 1996, na linafanya ile kazi ambayo TSC, tume ya walimu ya Kenya, hufanya inaposajili walimu, ila lenyewe halikuajiri wala halikulipi. Bila cheti chake huajiriwi kama mwalimu kamili katika shule za umma za Ontario, mkoa wetu. Tena Kanada haina wizara ya elimu ya taifa. Kila mkoa una mlango wake na bawabu wake. Mwenye leseni ya Manitoba au Alberta akihamia Ontario mambo humwendea vizuri kidogo, maana mikoa imekubaliana kutambuana watu wenye leseni. Anayetoka Kilifi au Bukavu anaanzia getini.

Getini wanataka digrii, wanataka mafunzo ya ualimu, wanataka transkripti kwa njia ile niliyoeleza, uthibitisho wa lugha, cheti cha polisi cha tabia njema, na barua kutoka kwa kila mamlaka iliyowahi kukusajili kama mwalimu, kusema kwamba leseni yako ni hai na huna kesi ya nidhamu. Tangu Septemba 2015 mafunzo ya ualimu ya Ontario yamerefushwa kutoka mihula miwili hadi minne, na mazoezi ya kufundisha kutoka siku 40 hadi 80, na sisi tuliosomea kwingine tunapimwa kwa kipimo hichohicho. Mimi silalamikii kipimo. Watoto ni wa watu. Lakini katika miaka yote hii ya kukaa na walimu wenzangu juu ya fomu, sijakutana na hata mmoja aliyekwama kwa sababu hajui kufundisha. Wote hukwamia kwenye bahasha.

*

Jumamosi zetu zilianza 2019 bila mpango. Nilikuwa nimeshapata cheti changu, kikiwa na masharti ya kumaliza masomo fulani, nami nikayamaliza. Mama mmoja wa Bujumbura tuliyekuwa tukisali naye akaniuliza kama naweza kumwangalizia fomu. Nikamwambia aje maktaba ya Vanier. Akaja na wenzake wawili. Jumamosi iliyofuata wakawa watano, na mmoja kaleta chupa ya chai na mandazi, ambayo katika maktaba ya Wazungu ni hatari kidogo, lakini mhudumu alijifanya haoni.

Vanier ni mtaa wa mashariki mwa Ottawa, wa Wafaransa wa Kanada tangu zamani, na sasa ukipita barabara ya Montreal utasikia Kirundi, Kilingala, Kinyarwanda na Kiswahili cha kila aina kabla hujafika dukani. Walimu wamejaa humo. Anayekuletea kifurushi cha mtandaoni ni mwalimu wa kemia. Anayemwogesha bibi wa watu ni mwalimu wa darasa la kwanza mwenye miaka kumi na tano kazini. Ukiwauliza wanafanya nini hapa watakutajia kazi ya sasa. Ukae nao, chai ya pili, ndipo ualimu unatoka, na hutoka kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja marehemu.

Hapo ndipo nilipomjua Prefe.

Prefe si jina lake. Kule Kongo mkuu wa shule ya sekondari huitwa prefe, na mtu akishaikalia kazi hiyo cheo humganda. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati limepigwa pasi hadi mkunjo unaweza kukata karatasi. Alifundisha hisabati na fizikia Kivu ya Kusini, akawa prefe, akakimbia, akakaa Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, miaka minane, akaletwa Ottawa 2022. Nilipokutana naye alikuwa akipanga maboksi katika ghala karibu na uwanja wa ndege. Alikuja na mfuko wa plastiki, ule mzito wa mbolea, na ndani ya mfuko kuna mfuko mwingine, na ndani yake diploma yake ya ualimu, digrii ya miaka mitano ambayo kule huitwa licence, ya 1995. Imevuka mito na mipaka haina hata doa. Juu yake kumeandikwa République du Zaïre.

"Mama mwalimu," akaniambia, "ile inchi haiko tena. Nitaiandikia nani?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Zaire ilikufa Mei 1997, ikawa Kongo. Na si nchi tu iliyobadilika. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwanzoni mwa miaka ya 70, watoto walisajiliwa kwa jina na jina la nyuma, basi. Diploma ya Prefe ina majina mawili. Karatasi za ukimbizi zina matatu, kwa sababu baadaye jina la ubatizo lilirudi, na karani wa Nakivale akalitanguliza. Karatasi za Kanada zimefuata za Nakivale. Kwa mtu wa Bukavu hapo hapana tatizo lolote, huyo ni mtu mmoja. Kwa mtu anayekaa mezani Toronto, aliyesoma diploma na aliyevuka mpaka ni watu wawili. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya mwanasheria, na nakala ya kila karatasi inayoonyesha jina likihama hatua kwa hatua. Tulifanya hilo kwanza. Nawaambia wote: jina kwanza, kabla ya kulipa ada yoyote.

Kisha alama. Transkripti za Kongo zinatoa asilimia, na walimu wa vyuo vya kule ni wabahili. Asilimia 62 inaandikwa "Satisfaction" na mtu anachinja kuku. Sabini ni "Distinction", themanini hata hukumbuki uliisikia lini. Ontario mtoto wa sekondari akipata 62 mzazi anaitwa. Kwa hiyo karatasi ya Prefe ukiisoma kwa macho ya huku ni ya mwanafunzi aliyeponea chupuchupu, na ukiisoma kwa macho ya kule ni ya kijana aliyekesha. Kilichosaidia ni maelezo ya mfumo wa alama kutoka chuo chenyewe, ukurasa mmoja tu. Hakuna anayekuambia uuombe. Sisi tunaambizana.

Halafu ile barua ya mamlaka iliyokusajili. Mimi Mkenya ilikuwa rahisi: nina namba ya TSC, TSC wako Upper Hill, wana utaratibu wa kutoa barua hiyo. Kongo hakuna baraza linalotoa leseni kwa mwalimu mmojammoja. Kuna ofisi ya kuhesabu na kulipa walimu, iliyokuwa ikiitwa SECOPE na siku hizi DINACOPE, na mwalimu aliyeingizwa humo ana namba. Ambaye hajaingizwa ni wale wa "N.U.", vitengo vipya, wanaofundisha miaka bila mshahara wa serikali, wakiishi kwa michango ya wazazi, na tangu elimu ya msingi ifanywe bure Septemba 2019 hata michango hiyo ikawa na utata. Sasa unamwomba mtu wa N.U. barua kutoka kwa serikali inayosema yeye ni mwalimu mwema. Serikali haijui kama yupo.

Prefe alikuwa na namba. Nakivale ndiko hakuwa nayo. Miaka minane alifundisha hisabati watoto wa wakimbizi, mia moja na kitu darasani, ubao umeegemezwa kwenye mti, na kwa karatasi miaka hiyo hakuna kitu. Tuliandika barua kueleza pengo. Aliandika mwenyewe kwa Kifaransa, nami nikamwomba aondoe sentensi moja aliyoomba radhi ndani yake. Alikuwa ameomba radhi kwa kutokuwa na leseni kambini.

*

Hapa acha niseme neno ambalo wenzangu wa kazini hawapendi nikilisema.

Ontario ina kanuni, Kanuni ya 298, na ndani yake mna kifungu cha dharura. Shule ikikosa mwalimu kabisa, inaweza kumwingiza darasani mtu asiye mwalimu, mradi ametimiza miaka 18 na ana cheti cha kumaliza sekondari, kwa muda wa siku kumi za shule. Naelewa sababu, watoto hawawezi kukaa peke yao. Lakini nilikuwa katika shule moja msimu wa mafua nikiwa mwalimu wa siku, yule anayeitwa mwenzake akikosekana, na darasa la jirani lilikuwa na kijana ambaye mwaka uliotangulia alikuwa mwanafunzi wa shule ileile. Mzuri, mpole, aliwawekea filamu. Wakati huo Prefe alikuwa kilomita kumi kutoka pale akihesabu maboksi. Nilishindwa kumaliza chakula changu cha mchana.

Kuna mlango mwingine wa halali ambao watu wetu wengi hawaujui. Bodi ya shule ikitangaza nafasi na isipate mwalimu mwenye cheti, inaweza kumwombea mtu mwenye digrii barua ya ruhusa wizarani, akafundisha hadi mwisho wa mwaka wa shule. Si cheti, na mwaka ukiisha imeisha. Ila unaingia darasani kwa mchana badala ya kuingia ghalani kwa usiku, na mkuu wa shule anakuona ukifanya kazi.

Na huko ndiko Kifaransa kinapokuwa mali. Wakongomani na Warundi wengi wakifika Ontario hudhani Kifaransa chao wamekiacha uwanja wa ndege, wakakimbilia madarasa ya Kiingereza kwanza, miaka miwili inakwenda. Baraza linataka lugha moja kati ya mbili, Kiingereza au Kifaransa. Mkoa una bodi kumi na mbili za shule za Kifaransa, za serikali na za Kikatoliki, na hazina walimu wa kutosha. Ninamwambia kila anayekuja na Kifaransa kizuri: Kiingereza utajifunza, lakini fomu yako ianze leo.

Nampenda sana mtu mmoja wa historia ya mji huu, au tuseme wawili. 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyobana ufundishaji kwa Kifaransa ukaishia miaka ya kwanza ya shule ya msingi. Dada wawili wa tumbo moja, Béatrice na Diane Desloges, walikuwa walimu Ottawa na wakakataa. Wakaondolewa shuleni, wakawa wanafundisha watoto nje ya shule. Januari 1916 kina mama wakawarudisha kwa nguvu katika shule ya Guigues, mtaa wa Murray, kisha wakalinda milango kwa pini ndefu za kofia.  Leo kuna sekondari yenye jina la Béatrice Desloges. Jengo la Guigues bado lipo. Nilimpeleka Prefe tukalitazama tukiwa na kahawa mkononi. Alisimama kimya, kisha akauliza hizo pini zilikuwa na urefu gani.

*

Transkripti rasmi ya Prefe iliombwa mwishoni mwa 2024. Mpwa wake alikuwa Bukavu, kazi ingekuwa ya wiki mbili. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, Februari wakaingia Bukavu, benki zikafunga milango, na ada ya transkripti inalipiwa benki. Mpwa akaacha kujibu simu siku kumi na moja. Siku hizo Prefe alikuja maktaba kama kawaida, akamsaidia binti mmoja wa Uvira kupanga andalio la somo, hakutaja jambo. Mimi nilijua kwa sababu simu yake, ambayo huiweka mfukoni, ilikuwa mezani, uso juu.

Mpwa alipatikana, yuko hai, ng'ambo ya Ruzizi upande wa Rwanda. Karatasi haikupatikana wakati huo. Basi tukageukia njia ya mtu ambaye nyaraka zake zimezuiwa na vita: unaeleza, unaapa, unaleta kila ushahidi mwingine ulio nao, diploma halisi, barua za waliofundisha nawe, picha. Alikuwa na picha moja ya mahafali ya shule yake, yeye katikati na kengele mkononi. Tukaiweka nayo.

Watu hujifanya wakala katika mambo haya, na hili linanikera kuliko baridi. Mama yule wa Bujumbura, kabla hajanijua, alikuwa ameshatoa dola 1,500 kwa jamaa wa kwetu-kwetu aliyemwambia "anajuana na watu Toronto". Alichofanya ni kujaza fomu, na alikosea tarehe ya kuzaliwa. Fomu ni ya mtandaoni, mtu yeyote anaijaza. Ukiombwa pesa za kujuana, kimbia.

Nisije nikaonekana naisema Kanada peke yake. Uingereza ilipofungua mlango wake mpya Februari 2023 kwa walimu wa nchi tisa zaidi, Ghana, Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwemo, Kenya na Tanzania hatukuwemo, na makundi yetu ya WhatsApp yaliwaka moto. Lakini nenda Kakuma, kambi ya wakimbizi kwetu Kenya. Walimu wengi wa shule za msingi za kambi ni wakimbizi wenyewe, wanalipwa posho ndogo inayoitwa motisha, huku Mkenya anayefanya kazi ileile akilipwa mshahara. Mwalimu wa Sudan Kusini mwenye cheti chake halali anaitwa nani kwetu? Nchi za IGAD, jumuiya ya Pembe ya Afrika na jirani zake, zilitia sahihi Azimio la Djibouti Desemba 2017, na kutambua vyeti vya walimu wakimbizi ni sehemu yake. Mimi nilifundisha Kenya miaka tisa na sikuwahi kulifikiria suala hilo hata siku moja. Ilibidi nifue mashuka kwanza.

*

Karatasi ni nusu. Nusu ya pili huwa hatuipati kwenye fomu yoyote.

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa siku, darasa la saba, niliandika tarehe na kichwa cha somo ubaoni kwa mwandiko wa kuunganisha, ule tuliofinywa vidole kuujifunza. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono akauliza hiyo ni lugha gani. Hakuwa na utani. Hakujua kuusoma. (Mtaala wa lugha wa 2023 umeurudisha mwandiko huo kuanzia darasa la tatu, kwa hiyo nimelipiziwa.) Saa nne na nusu kipaza sauti kikatangaza kitu, na watoto ishirini na sita wakainuka kwa pamoja, wakajibanza kwenye kona isiyoonekana kutoka mlangoni, wakanyamaza. Mimi nimesimama na kalamu ya ubao. Mvulana mmoja akanivuta mkono wa sweta, akazima taa, akaninong'oneza nifunge mlango kwa ufunguo. Nikamwuliza ufunguo uko wapi. Akanijibu, "Shingoni mwako."

Ni mazoezi ya kujificha akija mtu na silaha. Yanafanywa kila mwaka. Nilikaa gizani na watoto wa watu, nikisikia pumzi zao, na hakuna semina yoyote niliyoketi iliyokuwa imelitaja jambo hilo.

Kwa hiyo Jumamosi hatujazi fomu tu. Tunaigiza. Tunasema hapa hakuna namba moja wala mkia. Kuna ngazi nne, ya tatu ndiyo kiwango cha mkoa, na usithubutu kumwambia mzazi mtoto wake ni wa ngapi. Hakuna kiranja wa kuandika wanaopiga kelele. Mtoto hasimami ukiingia, na si kwamba amekudharau. Mtoto asiyekutazama machoni, ambaye kwetu ana adabu, hapa mtu atauliza kama ana shida nyumbani. Walimu waliozoea maazimio ya kazi yenye safu saba hawana taabu na makaratasi ya huku. Taabu yao ni kwamba hakuna anayekuja kuyakagua na muhuri, na hilo linawanyima usingizi.

Usaili ndio uliomsumbua Prefe kuliko vyote. Nilimuuliza, tukijifanya mimi ni mkuu wa shule, anieleze shida aliyowahi kuitatua.

"Tulikuwa na upungufu wa vitabu," akasema, "tukanakili kwa mkono."

"Nani alinakili?"

"Sisi."

"Sisi nani, Prefe?"

Akanitazama kama nimemvua shati. Ni yeye. Alinakili kitabu kizima cha aljebra, nakala nne, kwa taa ya chemli. Lakini mtu mzima wa kwetu hasemi "mimi" mara tatu katika sentensi mbili. Wenye meza ya usaili, kwa upande wao, wanaandika chini kila "mimi" na kuacha kila "sisi". Tulifanya zoezi hilo Jumamosi tano. Ya nne ndipo alipotamka "nilinakili" bila kukohoa. Mwenyewe alisema ni dhambi ndogo, ataiungama.

Septemba 2025 alianza kufundisha hisabati katika shule ya Kifaransa kwa barua ya ruhusa. Baraza limempa orodha ya masomo ya kuongeza, anayafanya usiku na vijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, wanaomwita kwa jina la kwanza na yeye huitikia baada ya kufikiri kidogo. Siku ya kwanza alinipigia saa sita. Nikadhani kuna jambo. Alitaka kujua kama ni sawa kubadilisha viatu: amevaa buti kutoka kituo cha basi, na viatu vyake vyeusi viko kwenye mfuko, avivalie wapi? Nikamwambia chini ya dawati. Akasema ameshavivaa, alitaka tu kuhakikisha.

Jumamosi iliyopita amekuja binti wa miaka kama thelathini, Mkenya mwenzangu kutoka Busia, mwalimu wa biolojia. Ametoa bahasha kwenye mkoba kwa mikono miwili, anaiweka mezani kama sahani ya moto. Nimeigeuza nyuma kabla hata sijamwuliza jina. Selotepu.

"Ni nani aliifungua?"

"Mamangu. Alitaka kuhakikisha jina."

Prefe alikuwa upande wa pili wa meza anasahihisha mitihani. Hakuinua kichwa. Alisukuma tu kikombe kitupu kuelekea kwake, na chupa ya chai.